Mpunga Mwitu Ndani ya Jaruba: Kwa Nini Kansa Ni Ngumu Kuponya

(Hotuba kwa walimu wa sayansi wa shule za sekondari, Mwanza)

Mwangaluka walimu. Asanteni kwa kunialika, na asanteni zaidi kwa kuniweka kabla ya chai, maana ukizungumza juu ya kansa watu wameshiba, nusu wanasinzia na nusu wanajipapasa shingo.

Nianze na mzee mmoja. Alikuja kliniki akimsindikiza mkewe aliyekuwa na uvimbe kwenye titi. Nikawaeleza: tutafanya upasuaji, kisha dripu za dawa za kansa, kisha mionzi, kisha vidonge vya miaka mitano. Mzee akanitazama kwa muda, akasema: "Daktari, watu wamekwenda mwezini wakarudi. Ukimwi ulitumaliza, lakini leo mtu anameza kidonge kimoja kwa siku na anazeeka na wajukuu zake. Hii kansa imewashindia wapi?"

Sikumjibu vizuri. Foleni ilikuwa imefika getini, nikamwambia maneno ya kidaktari, naye akaitikia kwa kichwa kwa adabu, ile adabu tunayomwonyesha mtu aliyeshindwa swali. Limenikaa kooni tangu siku hiyo. Leo nalijibu kwenu, kwa sababu ninyi mna ubao na chaki, na mna vijana ambao wakirudi nyumbani watawasimulia wazee kama yule.

Neno lenyewe linatupotosha kidogo. Tunasema "kansa" kama tunavyosema "surua", kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Kuna aina zaidi ya 100, na ya damu na ya tezi dume hazifanani kwa tabia wala kwa dawa. Anayeuliza dawa ya kansa iko wapi ni sawa na anayeuliza dawa ya homa iko wapi. Homa gani? Hilo tuliache hapo, maana si ndilo gumu.

Gumu ni hili. Wengi wenu mmelima, au mmelelewa na mpunga. Mnajua magugu ya kwenye majaruba. Gugu lenye majani mapana halikusumbui, unaliona toka kwenye tuta, unaling'oa, au unapulizia dawa inayoua majani mapana na kuuacha mpunga. Kinachomtoa mkulima machozi ni mpunga mwitu. Umeota kwenye mstari uleule, una jani lilelile, unakunywa maji yaleyale. Hadi utoe suke ndipo unautambua, na wakati huo mbegu zimekwisha kupukutika. Dawa itakayoua mpunga mwitu itaua na mpunga wako.

Bakteria ni gugu la majani mapana. Penisilini huvunja ukuta wa bakteria, na ninyi mnafundisha kidato cha kwanza kwamba seli ya mnyama haina ukuta. Kwa hiyo dawa inabomoa nyumba ya adui huku yako haina hata tofali la kubomolewa. Tofauti ya namna hiyo ndiyo tunayoitafuta kila siku maabara. Kwenye kansa, tofauti hiyo ni nyembamba mno. Seli ya kansa imetoka kwako. Ina jeni zako, inakula sukari yako, na askari wa kinga ya mwili wakiikagua mara nyingi wanaona kitambulisho cha mwenyeji wanaipisha. James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua jinsi ya kuwaondolea askari hao breki inayowazuia kuishambulia. Tiba hiyo imewarudisha watu waliokuwa wameshaaga. Lakini breki ikishaondolewa, wakati mwingine askari hao hao huanza kushambulia matumbo, ini au mapafu ya mgonjwa. Ni mpunga uleule.

Inaanzaje? Kila seli inapogawanyika inanakili maandishi yake yote, herufi bilioni 3 kutoka kwa baba na bilioni 3 kutoka kwa mama. Mwandishi gani atanakili kitabu cha namna hiyo asikosee? Makosa mengi hurekebishwa, au seli iliyoharibika huamriwa ijiue. Kuna jeni inaitwa TP53 ambayo hiyo ndiyo kazi yake, na karibu nusu ya kansa zote zimeiharibu. Sisi tuna nakala moja kutoka kwa kila mzazi. Tembo, hawa wa hapa Serengeti, wana nakala 20. Mnyama mkubwa kiasi kile, mwenye seli nyingi kupita zetu kwa mbali, angepaswa kufa kwa kansa kila kukicha, lakini ni nadra. (Mwalimu kule nyuma, nimeuona mkono. Nivumilie, tutarudi kwa tembo.)

Sasa twendeni Kampala, kwa sababu kisa kinachonifundisha zaidi kuhusu ugumu wa kansa kinahusu kansa iliyopona. Na kimetokea ukanda huu huu wetu wa ziwa.

Mwaka 1957, Hospitali ya Mulago. Daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, mtu wa Ireland ambaye alipoteza jicho moja utotoni, amwangalie mtoto wa kiume wa miaka kama mitano. Mtoto amevimba taya, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alishangaa, maana uvimbe hauanzi kona nne kwa wakati mmoja. Akampiga picha, akaendelea na kazi. Muda si mrefu yuko hospitali ya Jinja, anachungulia dirishani, anamwona mtoto mwingine na mama yake wamekaa kwenye majani, na sura ni ileile. Akatoka nje. Mtoto alikuwa na uvimbe mwingine tumboni.

Mtu mwingine angesema ni bahati mbaya mara mbili. Burkitt akaanza kufukua mafaili. Mwaka 1958 akachapisha habari za ugonjwa huo, kisha akatuma vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali za serikali na za misheni sehemu nyingi za Afrika, akiuliza: mnawaona watoto wa namna hii? Mwishoni mwa mwaka 1961, yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari kuukuu aina ya Ford wakaelekea kusini, wiki 10, kilomita kama 16,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine. Walichorudi nacho ni ramani. Ugonjwa ulikuwepo penye joto na mvua za kutosha, na uliisha ukipanda milimani. Ukiiweka ramani ile juu ya ramani ya malaria, zinalaliana.

Kabla ya safari hiyo, mwezi Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London. Aliyekaa kumsikiliza ni Anthony Epstein, akajiambia kuna kirusi hapa. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona kwa hadubini ya elektroni. Kikawa kirusi cha kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu. Hapo gazeti lingeandika: chanzo cha kansa chapatikana. Ila kirusi hicho, zaidi ya watu 9 kati ya 10 duniani wanacho. Mimi ninacho. Wewe bila shaka unacho. Peke yake hakimletei mtoto uvimbe huu hadi vitu vingine vikutane nacho: malaria ya mara kwa mara inayoichosha na kuichokoza kinga ya mtoto, kisha ajali moja ndani ya seli, kipande cha kromosomu ya 8 kinakatika na kubandikwa mahali pasipo pake, aghalabu kwenye kromosomu ya 14. Jeni moja, MYC, ambayo kazi yake ni kuiamuru seli igawanyike, inajikuta imekaa jirani na swichi isiyozimwa.

Angalieni basi. Kirusi, mbu, na mkasi uliokosea. Utamlaumu nani? Utapiga risasi wapi?

Burkitt hakuwa na mashine ya mionzi, Uganda nzima haikuwa nayo. Upasuaji wa taya za watoto ulikuwa ukatili mtupu, na uvimbe ulirudi. Kilichobaki ni dawa ambazo wakati huo zilikuwa ngeni: methotreksati, saiklofosfamaidi, vinkristini. Akawapa watoto, baadhi yao dozi moja au mbili tu. Uvimbe ukayeyuka kwa siku chache, na wapo waliopona kabisa, wakarudi makwao. Mwaka 1967 ikafunguliwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, chini ya Mmarekani John Ziegler, na misukosuko ya Idi Amin ilipoanza ikaendeshwa na Charles Olweny, Mganda. Wakati sehemu kubwa ya dunia ilikuwa ikiziona dawa za kansa kama kubahatisha, watoto walikuwa wanapona Kampala.

Kwa nini iliwezekana kwa kansa hiyo? Jibu lake ni kinyume cha tunavyodhani. Iliwezekana kwa sababu ni katili kuliko zote. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mama atakwambia wiki iliyopita ulikuwa kama karanga, leo ni limau. Karibu seli zake zote ziko mbioni kugawanyika, na dawa zile za mwanzo hufanya jambo moja tu: humkamata yule aliye katikati ya kugawanyika. Kwenye mji ambao kila mtu yuko barabarani, msako mmoja unawabeba wote. Kansa nyingi za watu wazima hazina tabia hiyo. Seli chache ziko barabarani, nyingine zimelala ndani. Zinaweza kulala miaka 10, hata 20, kwenye uboho wa mfupa, huku mwanamke ameshasherehekea kupona titi. Na hao wengine walioko barabarani usiku ule ni raia wema: mizizi ya nywele, utando wa matumbo, uboho unaotengeneza damu. Ndiyo maana mgonjwa wa dripu hunyonyoka nywele, hutapika, na damu hushuka. Dawa haikukosea. Imemkamata kila iliyemkuta njiani.

Chukueni chaki tufanye hesabu kidogo, sitawachosha. Seli 1 ikigawanyika zinakuwa 2, kisha 4, kisha 8. Ikifika mara ya 30 unazo karibu bilioni moja. Bilioni hiyo ni uvimbe wa sentimita moja, uzito kama gramu moja, ambao mtu anaweza kuupapasa kwa kidole akasema "nimeona kijiuvimbe, ndiyo kwanza kinaanza". Kinaanza wapi! Kimebakiza mara 10 tu kufika kilo nzima. Sehemu kubwa ya maisha ya kansa inapita kabla hujapewa hata fununu.

Sasa nikupe dawa nzuri mno, inayoua seli 999 kati ya kila 1,000. Bilioni moja inabaki milioni moja. Picha ya CT itaonyesha pasafi. Hakuna mtambo utakaoziona milioni ile, na mgonjwa anajisikia vizuri, anakula, anacheka. Tukiacha hapo zinarudi. Kwa hiyo tunatibu kitu kisichoonekana kwa mtu ambaye hajisikii mgonjwa, na kumwambia dripu bado tano. Hapo ndipo ninapogombana na ndugu zenu.

Na hiyo milioni iliyobaki si milioni ile ya mwanzo. Zinapogawanyika zinaendelea kukosea, na kila kosa ni bahati nasibu mpya. Kuna kansa moja ya damu ambayo ilikuwa mfano wetu bora wa kujivunia. Mwaka 1960 watafiti wa Philadelphia waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwenye seli zake. Miaka 41 baadaye, 2001, ikaidhinishwa dawa ya kidonge, imatinibu, iliyotengenezwa ili iingie kwenye kitasa cha protini inayotokana na hitilafu ile. Watu waliokuwa wakihesabiwa miaka michache sasa wanaishi karibu umri wa kawaida. Ni ushindi mkubwa, sitaki mtu aubeze. Hata hivyo kwa baadhi yao, herufi moja tu ndani ya jeni hubadilika, kitasa kinapinda kidogo, na ufunguo hauingii tena. Wenzake wote wamekufa, na yule mmoja mwenye kitasa kilichopinda anarithi shamba lote. Mnafundisha uteuzi asilia kwa mifano ya ndege wa visiwa vya mbali. Huku unatokea ndani ya mtu, mwaka kwa mwaka.

Ndiyo sababu hatumpi mgonjwa wa TB dawa moja. Kansa za damu za watoto zilifundisha somo hilohilo. Boston, mwishoni mwa miaka ya 1940, Sidney Farber aliwapa watoto dawa moja, wakainuka kitandani, wakarudi kucheza, na baada ya miezi ugonjwa ukarudi. Miaka ya 1960 wakaanza kuchanganya dawa nne. Ugonjwa sasa ukaibukia kwenye ubongo, kwa sababu ubongo una ukuta wake ambao dawa nyingi hazipiti, na seli zilikuwa zimejificha humo. Ikabidi dawa ipitishwe kwenye uti wa mgongo. Kila mlango ulipozibwa, mwingine ulionekana.

Kuhusu kusambaa nitasema kidogo. Kansa nyingi haziui pale zilipoanzia, zinaua zilikohamia. Mpasuaji wa London, Stephen Paget, mwaka 1889 alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa kansa ya matiti, akaona haisambai ovyo kama maji yaliyomwagika. Inapenda ini, inapenda mifupa fulani, inaruka viungo vingine. Akafananisha na mbegu na udongo. Mkulima wa Misungwi hahitaji kuelezwa zaidi. Kisu kinatoa jaruba moja. Upepo ulishapita.

Naona nyuso zinauliza lile swali la kwenye WhatsApp: dawa ipo, wazungu wameificha. Ningekuwa mkali, ila najua linatoka kwenye maumivu. Niseme tu kwamba tiba ya Burkitt haikufichwa, ilichapishwa, na saiklofosfamaidi ni dawa ya zamani tunayoitumia hadi leo. Steve Jobs wa Apple alikufa mwaka 2011 kwa uvimbe ulioanzia kwenye kongosho. Kama kuna kabati lenye dawa ya siri, pesa zile zilishindwa kununua ufunguo wake.

Na mitishamba? Lile ua dogo la rangi ya waridi, majani yanang'aa, linalopandwa kwenye makopo mbele ya ofisi, asili yake Madagaska. Ndani yake ndimo inamotoka vinkristini. Kwa hiyo sidharau mimea hata kidogo. Ila majani makavu mamia ya kilo hutoa kama gramu moja ya dawa, na dawa yenyewe hupimwa kwa miligramu. Ikizidi inapoozesha miguu. Anayechemsha sufuria hajui ametia ngapi. Hilo ndilo linalonitisha, kuliko mti wenyewe.

Ipo kansa ambayo tumepata njia ya mkato, ya mlango wa kizazi, kwa sababu karibu yote inaletwa na kirusi kimoja, HPV, na Harald zur Hausen aliyegundua hilo alipata Nobel mwaka 2008. Chanjo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Inachomwa shuleni kwenu. Mzazi akija kulalamika kwamba inaharibu uzazi, yeye haji kwangu, anakuja ofisini kwa mwalimu mkuu. Mpeni kiti, msimfukuze.

Nimebakiza jambo moja, nalo ni langu. Kwenye nchi tajiri, karibu watoto 9 kati ya 10 wenye Burkitt wanapona. Huku kwetu, palepale ilipogunduliwa, ni nusu, na mahali pengi ni pungufu. Seli ni ileile na dawa kwa sehemu kubwa ni zilezile. Miaka ya nyuma, kwenye wodi niliyokuwa nikifanya kazi, alikuja mama kutoka visiwani na mtoto wa miaka sita, taya limemziba jicho. Walikuwa wamepita kwa wang'oa meno wawili. Tukampa dripu ya kwanza. Siku ya tano taya limeshuka, mtoto anatafuna muhogo, wodi nzima imekuja kumwangalia. Mama akaniomba ruhusa, mvua zimeanza, kuna mpunga wa kupanda na watoto wengine wanne. Nikamwambia arudi baada ya wiki mbili. Nikasaini karatasi. Sikumweleza kuhusu ile milioni iliyobaki, kwa sababu niliona furaha yake nikadhani anajua.

Akarudi baada ya miezi minne. Nikaandika dawa zilezile, na uvimbe haukusikia. Nikaongeza nyingine mbili. Aliyekuwa amebaki kwenye shamba hakuwa yule tuliyemfukuza. Mtoto tulimzika mwezi wa tatu.

Siku hizi nina kopo la choroko kwenye meza yangu. Mama akifurahi kwamba taya limeshuka, nafurahi naye, kisha namwaga choroko zote mbele yake na kuzirudisha kwenye kopo, zote isipokuwa tatu. Namwambia azifunge kwenye kanga. Hizo tatu, namwambia, zina mvua na zina shamba, wewe na mimi tunazijua zilipo lakini mashine haizioni. Tarehe ya dripu nyingine iko hapa. Wapo wanaorudi na choroko zao zimefungwa kwenye fundo, wakaniwekea mezani.

Yule mzee mkewe anaendelea na vidonge, mwaka wa tatu sasa. Mwezi ujao wana kliniki, na mara hii nimeomba nipangiwe wa mwisho kwenye foleni, tukae.

Haya, mwalimu wa nyuma. Umenyoosha mkono tangu tembo. Karibu.